Mdogo wangu hasomi tena nyuso za watu baada ya ajali ya boda, nimnunulie mashine ya umeme wa kichwani?

Dada mmoja wa Nkuhungu hapa Dodoma kaniandikia ujumbe mrefu, kakubali niujibu hadharani bila kumtaja jina maana anaamini hayuko peke yake. Kwa kifupi ni hivi: mdogo wake wa kiume ana miaka 27, alikuwa dereva boda, mwaka jana akapata ajali usiku barabara ya Ihumwa bila helmeti, akakaa siku 11 hajitambui, wakamfungua fuvu kutoa damu iliyovilia. Sasa hivi anatembea, anaongea vizuri, chenji anahesabu hakosei, ila nyuso za watu hazimwambii kitu. Kwenye msiba wa baba mkubwa kule Bahi mama yao analia mbele yake, yeye anauliza chumvi iko wapi. Mkewe akinuna hata siku nzima jamaa hana habari, mke anaona ni dharau na ameshafungasha mizigo mara mbili. Kuna ndugu wanasema kachezewa. Sasa dada kaona video mtandaoni ya kofia yenye waya inayopeleka umeme kwenye ubongo, wanaoiuza wanasema inarudisha uwezo wa kusoma hisia za watu, anauliza auze magunia ya alizeti amnunulie au ni utapeli.

Dada yangu, pole sana, na mama umfikishie pole yangu. Alizeti usiuze. Ila usiishie hapo, nisome mpaka mwisho, kwa sababu hiyo habari ya umeme haijatungwa hewani, kuna utafiti wa kweli nyuma yake, shida ni kwamba wauzaji wamechukua nusu ya habari wakaacha nusu ambayo ndiyo ingemsaidia mdogo wako, na hiyo nusu nyingine haina bei.

Kwanza nikueleze kilichompata maana hapo ndipo ndoa yake inapovunjikia bure. Ubongo ni laini kama maziwa mgando, umekaa ndani ya fuvu ambalo kwa chini, upande wa mbele na wa kwenye panja, lina matuta ya mfupa. Kichwa kikipiga lami fuvu linasimama ghafla lakini ubongo bado unatembea, unateleza na kujikwangua kwenye yale matuta, na nyuzi ndefu za neva zinazounganisha sehemu moja na nyingine zinavutika mpaka nyingine zinakatika. Sehemu zinazokwanguliwa sana, yani chini ya paji la uso na pembeni kwenye panja, ndizo zinazohusika sana na hisia na kuelewana na watu. Hesabu na lugha vina makao mengine. Kwa hiyo mtu anaweza kurudi mjanja wa chenji kama zamani na uso wa mama yake ukawa kwake kama ukuta, na siti skani isioneshe cha maana kwa sababu nyuzi zilizovutika hazionekani vizuri kwenye picha ile. Mwaka 2011 watafiti walikusanya tafiti za watu walioumia kichwa kwa kiwango cha kati na kikubwa wakakadiria kwamba mpaka asilimia 39 kati yao wanapata shida kubwa kusoma hisia usoni. Ni karibu watu 4 kwenye kila 10! Hebu fikiria vijana wangapi wa boda wako majumbani huku kwetu, Dodoma mjini, Chamwino, Kongwa, wanaitwa wana kiburi na wana dharau, kumbe ni jeraha ambalo hakuna mtu aliyewaambia kwamba lipo. Hili jambo linaniuma sana, nimekaa na familia kama yenu mara nyingi na karibu kila mara wanakuja wameshachelewa, wameshagombana mpaka basi.

Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa, leo leo, mwambie wifi yako kwamba ile siyo dharau. Mume wake hakuuona uso wake umenuna. Macho yameuona, ubongo haujautafsiri.

Umesema anawatambua wote kwa majina, mama, mke, hadi abiria wake wa zamani. Hiyo ni dalili nzuri, inatuonesha tatizo limekaa wapi, maana kumjua huyu ni nani na kujua huyu anajisikiaje ni kazi mbili ambazo ubongo umezigawa kwa kiasi fulani. Kwenye kazi ya pili inaingia sehemu ya ubongo inayofuatilia uso unavyocheza, inaingia amigdala, kiungo kidogo kama korosho kilichojificha ndani ya panja kila upande, inaingia sehemu ya mbele, alafu inaingia na sehemu ambayo wengi hawaitegemei, ile inayohisi ngozi ya uso wako mwenyewe. Mwaka 2008 watafiti wa London walichukua watu wazima wazima kabisa, wakapiga mapigo ya sumaku juu ya sehemu hiyo upande wa kulia, na kwa mda mfupi watu wale wakaanza kukosea kulinganisha nyuso zenye hisia. Yani ili usome uso wa mwenzio, ubongo unauonja kidogo kwenye uso wako. Shika hilo, tutalirudia kwenye mazoezi.

Kuna mama mmoja wa Marekani anajulikana kwenye vitabu vya fani yetu kwa herufi mbili tu, S.M., huwa nawasimulia habari zake wazazi wanaokuja kliniki kwa sababu inafungua macho. Ugonjwa adimu wa kurithi ulimharibia amigdala zote mbili. Akioneshwa uso wa furaha anasema furaha, wa hasira na huzuni anajitahidi, ila uso wa hofu hauoni kabisa. Watu wakaamini kwa miaka kwamba mashine ya hofu imekufa ndani yake na habari imeishia hapo. Mwaka 2005 ndipo watafiti wakamfuatilia macho yake yanatua wapi anapoangalia picha, wakakuta hatazami macho ya mtu! Anakaa kwenye pua na mdomo, na hofu imekaa machoni. Wakamwambia tu, angalia macho. Akaisoma hofu kama watu wengine. Bila dawa, bila umeme, kwa sentensi moja. Walipoacha kumkumbusha akarudi kulekule. Kwetu tunasema mwenye macho haambiwi tazama, ila huyu mama macho alikuwa nayo na ilibidi aambiwe, tena aambiwe kila mara, na mdogo wako huenda ni hivyo hivyo.

Sasa tuje kwenye hiyo kofia. Njia za kuchochea ubongo kutoka nje ya fuvu ni nyingi, ila mbili ndizo utakazozisikia. Ya kwanza ni ya sumaku, ilianzia Sheffield kule Uingereza mwaka 1985, ni koili kubwa inawekwa juu ya kichwa inapiga mapigo yenye nguvu mpaka seli za ubongo zinafyatuka zenyewe, Marekani waliruhusu itumike kutibu sonona mwaka 2008, ni mashine kubwa ya hospitali na haiuzwi mtandaoni kwa hela ya alizeti. Ya pili ndiyo hiyo yako, umeme mdogo sana, kawaida miliampia 1 mpaka 2 kwa dakika kama 20, unapita kwenye sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi. Wajerumani wa Göttingen ndio waliofufua hamu ya dunia kwenye hii mwaka 2000. Iko na ndugu yake ambayo umeme wake haunyooki, unarukaruka ovyo ovyo kwa kasi.

Mi mwenyewe nilishawekewa wakati wa masomo. Unasikia maji ya chumvi yanachuruzika nyuma ya sikio, alafu ngozi chini ya sponji inawasha kama wadudu wadogo wanatembea, baada ya dakika kama moja unazoea unasahau. Hakuna mwanga, hakuna kitu kinachofunguka kichwani. Na hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe, kwa sababu umeme ule haufyatui seli, unazisogeza tu kidogo karibu na kufyatuka, na seli isiyokuwa na kazi dakika ile hainufaiki na kusogezwa. Ni sawa na kumwagilia shamba la zabibu pale Hombolo sehemu ambayo hujapanda mche, umelowesha udongo basi. Ndiyo maana watafiti makini hawamvalishi mtu waya wakamwacha anaangalia dari, wanaunganisha na kazi au mazoezi ya kile wanachotaka kiboreke.

Na matokeo yapo. Mwaka 2017 watafiti wa London walitumia ule umeme unaorukaruka juu ya sehemu ya mbele pembeni ya ubongo, kundi moja likapata umeme wa kweli, jingine likafungwa waya vile vile wakapewa geresha, na waliopata wa kweli wakafanya vizuri zaidi kwenye kutofautisha hisia usoni, lakini kwenye kutambua sura ya mtu hawakubadilika. Ni kazi nzuri, naiheshimu. Ila angalia nani walipimwa: watu wenye afya, ubongo mzima, fuvu zima, na kipimo kikafanyika muda huo huo pale maabara. Kutoka pale mpaka kwa kijana aliyelala siku 11 ni mbali sana. Alafu mwaka 2018 ikatoka kazi nyingine, walijaribu umeme wa aina hii kwenye maiti wakapima ndani ya kichwa kinafika kiasi gani, wakakuta mpaka asilimia 75 ya nguvu yake inaishia kwenye ngozi na mfupa. Kwa hiyo hata kwenye kichwa kizima kinachofika ni kidogo, na tafiti za umeme huu mara nyingi hazikubaliani, hii inaona faida, ile iliyorudiwa haioni.

Sasa kwa mdogo wako hasa, mi nasema hapana, na sisemi kwa kusitasita. Fuvu lake limefunguliwa. Mfupa ulipokatwa ndipo umeme unapopata mlango rahisi, unaweza kujikusanya hapo kuliko hesabu ya mtengenezaji wa kofia ilivyopanga, na kama waliacha sahani ya chuma au skrubu ndio kabisa usiguse bila daktari aliyemfanyia upasuaji. Pili umeniandikia anameza dawa za kuzuia kifafa. Ubongo ulioumia unafyatuka wenyewe kirahisi, sasa we unataka kuusogeza karibu zaidi na kufyatuka, nyumbani, bila mtu wa kumhudumia akianguka? Tatu, kifaa chochote cha tiba kabla ya kukinunua uliza TMDA, mamlaka ya serikali ya dawa na vifaa tiba, kama kimesajiliwa, muuzaji akikosa jibu la hilo funga mazungumzo. Na kuna vijana wanaunganisha wenyewe kwa betri ya volti 9 wakifuata video, nawaomba kwa moyo wote waache, kuna watu wameungua ngozi kabisa.

Basi tushike mazoezi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo kuna matumaini. Mwaka 2015 ulitoka utafiti uliofanywa kwa watu walioumia kichwa kwa kiwango cha kati na kikubwa, kundi moja wakafundishwa na mtaalamu kusoma nyuso kwenye kompyuta, wale wa kulinganisha nao wakacheza magemu ya kuchangamsha akili tu, na waliofundishwa nyuso wakatoka wanasoma hisia vizuri zaidi. Walichofundishwa si siri. Waliambiwa waangalie sehemu za uso moja moja, wauige uso kwa uso wao, na wakumbuke wao wenyewe walijisikia hivyo lini. Hayo yote yanafanyika sebuleni kwenu Nkuhungu.

Chukua simu, piga picha za nyumbani, mama, mke, watoto, we mwenyewe, kila mtu aoneshe furaha, huzuni, hasira, hofu, kinyaa, mshangao. Wakumbushwe tukio la kweli siyo waigize tu, mwambie mama akumbuke siku ya ile simu ya ajali, uso utakuja wenyewe (ila kwa upole, na akikataa mwache). Kata kipande cha boksi kama kadi. Asubuhi baada ya chai, siyo jioni, maana ubongo ulioumia unachoka mapema na jioni utadhani hajui kitu, mkae dakika 15. Funika mdomo wa kwenye picha kwa ile kadi abaki na macho. Usimuulize anajisikiaje, muulize nyusi zimefanyaje. Zimepanda? Zimeshuka? Zimekutana katikati? Weupe wa jicho unaonekana juu ya mboni? Akishaeleza alichoona ndipo aseme ni nini. Hasira nyusi zinashuka na midomo inabanwa. Huzuni nyusi zinanyanyuka upande wa ndani tu, kama paa la kibanda. Hofu na mshangao zote jicho linafunguka ndiyo maana zinachanganya, ila kwenye mshangao taya linaachia tu na kwenye hofu nyusi zinapanda huku zinavutana na midomo inakakamaa kwenda pembeni. Kinyaa kiko puani, pua inakunjika. Furaha ya kweli mashavu yanapanda na pembeni ya macho panajikunja.

Anza na mbili tu, furaha na huzuni, picha zenye hisia kali, akipata bila kubahatisha siku tatu mfululizo ongeza hasira. Hofu iweke mwisho, ni ngumu hata kwa watu ambao hawajaumia. Usimwambie umekosa, mwambie hebu angalia tena macho.

Alafu mpe kioo. Auige uso wa kwenye picha akae nao kama sekunde 10, ndio kule nilikokwambia ubongo unauonja uso wa mwenzio kwenye uso wako. Kuna kijana mmoja nilikuwa namfundisha, tumehangaika wiki mbili na picha ya mke wake amenuna, kila siku anasema amechoka. Siku aliyoiga mbele ya kioo akabana midomo, akakunja nyusi, akakaa kimya muda mrefu, akasema dokta, huyu ananikasirikia mimi. Alikuwa hajawahi kuisema sentensi hiyo tangu ajali. Kisha akauliza, amekasirika tangu lini?

Picha zikishakuwa rahisi hamia video fupi bila sauti, maana uso wa kweli unacheza na hausubiri. Pia mpime kwa sauti peke yake, mpe mgongo umsemeshe kwa hasira au kwa huzuni, au tumia voisi noti. Kama sauti anaisoma vizuri basi mna fimbo ya kutembelea, afundishwe akitilia shaka uso asikilize sauti.

Kwa nini nasisitiza picha za nyumbani wakati kuna apu zenye nyuso tayari? Kwa sababu nyuso zile ni za kuigiza na nyingi ni za Wazungu. Mwaka 2020 ilichapishwa kazi iliyofanyika hapa hapa Tanzania, kwa Wahadzabe wa kule Ziwa Eyasi, wakioneshwa nyuso za kuigiza za aina hiyo. Kutenganisha uso wa raha na uso wa karaha waliweza, ila zikiwekwa nyuso mbili zote za karaha pamoja, majibu ambayo wasomi waliyategemea hayakuja vizuri. Na hawa ni watu ambao ubongo hauna jeraha lolote. Sasa mdogo wako hahitaji kupasi mtihani wa sura za Ulaya, anahitaji kumsoma mama yake.

Kuna jambo la kwetu ambalo vitabu vya nje havikwambii. Sisi tumelelewa kutomkazia macho mkubwa, kijana akiongea na mzee anaangalia chini, ndiyo heshima. Sasa mi namwambia mdogo wako aangalie macho! Akienda kumkazia macho baba mkwe italeta shida nyingine. Kwa hiyo kaeni kikao cha familia, waelezeni wazee kwamba haya ni maagizo ya tiba, wampe ruhusa kwa mdomo, na aanze na picha na watu wa ndani. Kwa wageni afundishwe kutupa jicho mara moja machoni alafu ashushe, inatosha kupata habari.

Na nyie mliomzunguka kuna kazi yenu, tena hii inaanza kufanya kazi siku hiyo hiyo. Msisubiri asome. Semeni. Mke aseme, nimekasirika kwa sababu umesahau ada ya mtoto, naomba uzime redio tuongee. Mama aseme, mwanangu nina huzuni, kaa hapa na mimi. Najua kwetu ni ngumu, mke wa Kigogo aliyelelewa vizuri anatarajia kununa kwake kutoshe, na zamani kulitosha. Mume akiwa na shaka naye aulize, samahani, umekasirika au umechoka? Mwanzoni litawachosha wote wawili.

Kabla ya yote hayo mpelekeni akapimwe macho, nimeshaona mtu anafundishwa nyuso kumbe anaona ukungu. Mwambieni daktari wake kuhusu usingizi unaoletwa na dawa, na mpime kama ana sonona, mtu mwenye sonona anaona kila uso una huzuni au haoni sababu ya kuangalia. Hapa mjini ulizeni hospitali ya Mirembe au ya Benjamin Mkapa, semeni wazi wazi kwamba tangu ajali hasomi hisia za watu, tumieni maneno hayo hayo, kwa sababu mkisema tu amebadilika tabia mtaulizwa kuhusu pombe. Nendeni na karatasi za upasuaji.

Umeniuliza pia kama atarudi kuwa yule wa zamani. Mwaka wa kwanza na wa pili ndipo mabadiliko makubwa huwa yanatokea, na yeye bado yumo humo, baada ya hapo maendeleo yanakuja taratibu ila yanakuja kwa anayefanya mazoezi. Nategemea atajifunza kusoma uso kama mtu mzima anavyojifunza lugha ngeni, kwa kufikiria, polepole, na siku akiwa na njaa au usingizi atakosea.

Nunua daftari la kurasa 40. Kila asubuhi andika tarehe, picha ngapi, amepata ngapi, na hisia gani imemshinda. Baada ya wiki 6 nitumie picha ya hizo kurasa, na uniambie wifi yako mizigo ameifungua au bado.